Magoti ya Asubuhi

Asubuhi ile mjukuu wangu alimng'ata mama yake mkubwa mkononi mbele ya mgeni, na mgeni mwenyewe alikuwa kaka mkubwa wa marehemu mume wangu. Naanzia hapo kwa sababu ndipo mambo yalipoharibika. Kabla ya siku hiyo yalikuwa manung'uniko ya jikoni tu.

Mtoto alikuwa wa kike, wa miaka tisa. Ni wa mwanangu mdogo, yule anayeishi Mwanza na mkewe. Walimleta kwangu, hapa nje kidogo ya Bariadi, akiwa na begi moja na mashtaka mengi. Hasikii. Anajibu. Shuleni wenzake wakikimbia mchakamchaka yeye anakaa chini kama mama mjamzito. "Mayu," mwanangu akaniambia, maana kwetu mama ndiyo mayu, "wewe unawaweza." Kweli nawaweza. Nimelea wa kwangu na wasio wa kwangu, na hakuna aliyenishinda. Nikamwambia mwacheni, nendeni zenu.

Mji wetu unaongozwa na mwanangu mkubwa tangu baba yake afariki. Yeye na mkewe wana nyumba yao, mimi nina yangu, jiko ni moja. Tunalima pamba na mahindi, na ng'ombe wapo wachache. Huyo mke wa mwanangu mkubwa ndiye mama mkubwa wa mtoto, na ndiye aliyeng'atwa.

Sasa, kwetu Wasukuma mtoto wa kike akimwamkia mkubwa anapiga magoti. Sisemi kukunja kidogo na kuinuka kama wafanyavyo wa mjini. Anashuka mpaka goti liguse ardhi, anasema mwangaluka, anangoja aitikiwe, anaulizwa habari za nyumbani na za ng'ombe, anajibu, ndipo anaruhusiwa kuinuka. Akikutana na mzee mwenye maneno mengi atakaa hapo mpaka changarawe zimchore ngozi. Mimi nimepiga magoti maisha yangu yote, nikiwa na mimba, nikiwa na kuni kichwani. Kwa hiyo mtoto akikataa kupiga goti hatuulizi goti lina nini. Tunauliza anamdharau nani.

Mzee alifika mapema, jua halijapata nguvu. Ilikuwa wakati wa kuvuna pamba, zile asubuhi zenye upepo unaopenya hata ukivaa sweta. Tukampa kiti, mtoto akaitwa. Akaja amejikunyata, akasimama wima mbele yake kama nguzo ya zizi.

"Shikamoo, babu."

Mzee hakuitikia. Akageuza uso akawa anaangalia ng'ombe.

"Shuka," mama mkubwa akamwambia kwa sauti ya chini.

Mtoto hakushuka.

"Nimesema shuka! Babu yako anangoja. Au unadhani hapa ni Mwanza?"

"Sitaki."

Mama mkubwa akamshika mabega yote mawili akamkandamiza. Mtoto alipiga ukelele uliowaamsha mbwa, akaukamata ule mkono kwa meno, na hakuuachia mpaka damu ikatoka.

Mzee akachukua fimbo yake akasimama. "Shemeji," akaniambia, "mnafuga nini humu ndani?" Akaondoka bila kula. Uji ulikuwa tayari, michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, imechemshwa na karanga, na mtu mzima akatoka kwenye mji wa mdogo wake na tumbo tupu. Kama huelewi uzito wa jambo hilo, muulize Msukuma yeyote.

Mwanangu aliporudi kutoka shamba akaelezwa, naye hakuchelewa kuamua. Pamba ikiisha, mtoto anakwenda Bukundi, kwa wajomba wa mkewe. Wale ni wafugaji. Kule ni kukavu, maji yanafuatwa mbali, na mtoto wa umri ule anaswaga ndama tangu alfajiri.

"Miezi miwili tu," akasema, "atanyooka kama msumari."

Mama mkubwa, mkono umefungwa kitambaa, akalifungasha begi la mtoto siku ileile akaliweka nyuma ya mlango wa jiko. "Nikisikia 'sitaki' nyingine," akasema, "namwonyesha begi."

Mimi sikupinga. Naliandika hili mapema ili mtu asije akadhani nilikuwa na busara tangu mwanzo. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimemchapa mwenyewe. Alisimama mbele yangu asubuhi, wima, nami nikachukua fimbo ya kufukuzia mbuzi nikamtandika nyuma ya magoti, pale panapokunjika, ili pakunjike. Hakulia. Alinitazama tu, na mimi nikaliita lile jicho kiburi.

Kilichonigeuza mawazo ni kitu kidogo. Mchana wa siku ileile ya kung'ata, nilikuwa nimekaa uwanjani nachambua pamba, natenga safi na chafu. Mtoto akaniletea maji kwenye bakuli. Hakuna aliyemtuma. Akafika mbele yangu akashuka, magoti yote mawili chini, akanyoosha mikono.

"Bibi, maji."

Nilipokea bakuli nikasahau kunywa. Nikajiuliza, huyu aliyenidharau asubuhi, mbona mchana dharau imekwisha? Mtu mwenye kiburi analala nacho na anaamka nacho. Hakipandi na kushuka kama jua.

Hapo nikamkumbuka baba yangu na ng'ombe wake. Mimi nilikuwa mtoto wa kwanza na sikupata kaka, kwa hiyo baba alinifundisha kukamua, kazi ambayo kwetu ilikuwa ya wanaume. Tulikuwa na ng'ombe mmoja mweusi mwenye paji jeupe, akaanza kupiga teke. Kila mtu akasema auzwe mnadani, ana roho mbaya. Baba akasema hapana, kwanza tumuulize. Sasa ng'ombe utamuulizaje? Baba alibadilisha kitu kimoja kila siku. Leo mkamuaji mwingine. Kesho mahali pengine. Keshokutwa ndama anyonye kwanza. Siku nyingine upande mwingine. Na kila siku alibadilisha kimoja tu, kwa sababu ukibadilisha viwili, alisema, ng'ombe akitulia hutajua amekujibu swali lipi. Mwisho tulikuta kupe amejificha kwenye mkunjo nyuma ya kiwele, upande wa kushoto, mahali ambapo mkono wa mkamuaji ulikuwa unagusa bila jicho kuona. Kupe akatolewa. Yule ng'ombe alikuja kuwa mpole kuliko wote.

Shule nilisoma miaka minne tu, lakini hiyo ya baba niliimaliza.

Nikamwita mwanangu. "Nipe mpaka pamba iishe. Na katika siku hizo asiguswe na mtu."

"Mayu, unamdekeza."

"Wewe niliwahi kukudekeza?"

Akainamisha kichwa. "Hapana, mayu."

"Basi."

Mke wake hakuridhika. Alikuwa na maelezo yake, na sikumlaumu, maana mkono ulikuwa wake. Alisema ni bibi yake baba mkwe, mwanamke wa zamani ambaye inasemekana hakumpigia goti mtu yeyote isipokuwa mtemi. Anataka jina lake, ndiyo maana amemkalia mtoto. Aliniambia tumfunge mtoto shanga nyeupe na tumuite kwa jina la yule bibi. Sikukataa. Wakubwa waliotangulia nawaheshimu. Shanga zikafungwa, jina likatajwa, na kesho yake asubuhi mtoto akasimama wima vilevile na shanga zake mkononi.

"Mizimu gani hii," nikamwambia mkwe wangu, "inayoamka alfajiri na kwenda kulala saa nne? Hata mizimu siku hizi ina zamu?"

Alitaka kukasirika, akacheka.

Nikachukua mkaa nikaanza kuchora kwenye ukuta wa jiko, upande usiofikiwa na moshi. Kila asubuhi mtoto akikataa, nachora mstari. Akishuka, nachora duara. Hivyo hivyo mchana na jioni. Chini ya kila mstari niliweka alama ya kilichotangulia: msalaba kama alikuwa amechota maji kisimani, jani kama alikuwa shamba, mawimbi kama alikuwa kwenye maji baridi. Mwanangu alipita akaniuliza ninahesabu nini. Nikamwambia nahesabu ujinga wetu.

Siku za kwanza nilipima kiburi cha mjini. Nikamwambia mtoto, wewe niamkie kama mnavyoamkiana Mwanza, sitaki goti. Akaniamkia vizuri, kwa sauti, na akanishika mkono akaubusu. Huyo hakuwa na dharau na mimi. Nikapima chuki. Nilidhani labda hampendi mama mkubwa, na nisingeshangaa, maana mkwe wangu ana ulimi. Nikapanga asubuhi tatu awaamkie watu tofauti: mimi, jirani mmoja mama mpole sana anayempa karanga, na mwalimu wa kwaya anayempenda. Wote watatu aliwaamkia amesimama wima. Kwa jirani alilia, akisema, "Naomba usikasirike, naomba usikasirike." Jirani akaondoka anashangaa.

Halafu mkwe wangu akaona kitu ambacho mimi sikukiona, nami nampa haki yake. Alikuwa anasonga ugali, akageuka na mwiko mkononi.

"Mama, hebu angalia. Kila akikataa anapata nini?"

"Anapata matusi yako."

"Anafukuzwa. Tunamwambia toka hapa, kakae jikoni. Sisi tunakwenda shamba na baridi, yeye anabaki anaota moto. Mtoto mjanja huyo! Si nilisema ni uvivu?"

Nilitazama ukuta. Kweli. Karibu kila mstari ulikuwa umeishia jikoni, motoni. Nilikaa na hilo siku nzima na lilinikera, maana lilikuwa na akili. Mtu hufanya kinachomlipa. Kama kukataa goti kunampa moto, ataendelea kukataa.

Lakini nikasema tubadilishe kimoja. Kesho yake nilimwamsha mtoto kabla ya wote, nikamweka jikoni karibu na moto, nikamfunika kitenge changu kizito, nikampa uji wa moto. Nikamwambia: "Leo hufanyi kazi yoyote. Huendi shamba. Hata ukipiga magoti hapa ni pako, hata usipopiga hapa ni pako. Umeelewa?"

"Ndiyo, bibi."

"Nimesema nini?"

"Moto ni wangu."

Basi, kama ni uvivu, ameshapata anachotaka, hana sababu ya kuinuka. Jua lilipokuwa limepanda kidogo nikaingia jikoni. Nikamkuta amepiga magoti sakafuni anapepeta mahindi ya mama mkubwa wake. Kazi hakutumwa. Goti hakuambiwa. Aliponiona akageuka hapohapo, juu ya magoti yake. "Mwangaluka, bibi."

Nikamwita mkwe wangu aje aone. Alisimama mlangoni, begi likiwa karibu na mguu wake.

"Mvivu gani anapepeta mahindi ya watu?" nikamuuliza.

"Labda anajipendekeza."

"Haya. Na magoti yake je, nayo yanajipendekeza?"

Nikarudi ukutani, na safari hii nikauangalia kama mtu anayetafuta ndama aliyepotea, alama moja moja. Mistari ilikuwa mingi asubuhi zenye upepo. Ilikuwa mingi zaidi asubuhi zilizofuata siku yenye msalaba, siku ambayo alikwenda kwenye visima vya mchangani kule mtoni, akachimba, akabeba, akarudi. Kulikuwa na mstari mmoja tu wa mchana. Chini yake kulikuwa na mawimbi. Siku hiyo alikuwa amefua sare za shule amesimama kwenye maji baridi mpaka magotini.

Sikuhitaji tena kubahatisha. Nilimkalisha kwenye kigoda, nikakaa chini mbele yake mimi mzee mzima, nikashika goti lake kama ninavyoshika kiwele. Goti la kushoto lilikuwa la moto kuliko paja, limejaa upande wa ndani. Nikabonyeza kidogo. Akafumba macho.

"Panauma?"

"Sasa hivi kidogo. Asubuhi yananing'ata."

"Yanakung'ata vipi?"

"Ndani ya mfupa, bibi. Kama yana meno. Nikishuka yanauma mpaka natapika. Na hapa pia." Akaonyesha muundi, akaonyesha kiwiko.

"Kwa nini hukusema?"

Mtoto akanitazama kwa jicho lilelile nililoliita kiburi. "Nilisema. Mwanza mama alisema ni kwa sababu nakua. Hapa nilimwambia mama mkubwa, akasema goti la mtoto haliumwi, la bibi ndilo linaumwa."

"Na mimi? Mimi mbona hukuniambia?"

"Wewe ulinichapa palepale."

Nilibaki nimelishika lile goti. Mkwe wangu, aliyekuwa anasikiliza mlangoni, alitoka nje akaenda kusimama nyuma ya kihenge cha mahindi, na aliporudi macho yalikuwa mekundu na akasema ni moshi.

Kesho yake tulipanda bodaboda, mtoto katikati yangu na dereva, amefungwa vitenge viwili, tukaenda hospitali mjini. Ukuta siwezi kubeba, kwa hiyo nilikuwa nimenakili alama zangu kwenye daftari, mistari, maduara, misalaba na mawimbi. Daktari alikuwa binti mdogo, angeweza kuwa mjukuu wangu. Alianza kuuliza: anaumwa lini, anaumwa wapi, kabla ya hapo alifanya nini. Nikamfungulia daftari. Akaliangalia, akauliza msalaba ni nini, nikamwambia. Akauliza mawimbi ni nini, nikamwambia. Akaweka kalamu chini.

"Bibi, alipokuwa mdogo aliwahi kuvimba viganja na miguu?"

Sikuwa naye alipokuwa mdogo. Nikampigia simu mama yake palepale. Ndiyo, alivimba akiwa na mwaka mmoja, wakampaka dawa ya mitishamba ikaisha. Aliwahi kuongezwa damu? Ndiyo, mara mbili, wakaambiwa malaria.

Damu ikapimwa, ikapimwa tena. Ni sikoseli. Daktari alichora kwenye karatasi, damu yetu ya kawaida ni mviringo kama punje ya choroko, ya mtoto huyu ikipata baridi, au kiu, au uchovu, inajikunja kama mundu, inakwama kwenye mishipa, na pale inapokwama ndipo panapouma. Tangu azaliwe. Akatuandikia dawa za kila siku. Maji anywe mengi, mchana kutwa. Asipigwe na baridi. Asichoshwe. Akipata homa, siku hiyohiyo hospitali, tusingoje kesho.

"Na akiishi mahali ambapo maji yako mbali," nikamuuliza, "anatembea juani na ndama tangu alfajiri, hospitali haiko karibu?"

Alinitazama kuona kama natania. "Bibi, huko msimpeleke."

Nilimuuliza pia ugonjwa umetoka wapi. Akasema kwa baba na kwa mama, wote wawili wanaubeba bila kuumwa, na wao waliupata kwa waliowazaa. Nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa jambo dogo. Lakini njiani kurudi, upepo wa pikipiki usoni, nilimfikiria mtoto wangu wa tatu. Alikuwa wa kike. Alikuwa analia kila asubuhi nikimwogesha, analia kwa maji, analia kwa kuvishwa, akakataa kutembea hata baada ya kujua kutembea. Tulimwita kichwa kigumu. Alifariki kabla hajafikisha miaka minne, na watu walisema amerogwa, na mimi niliamini kwa sababu nilihitaji kuwa na mtu wa kumchukia. Sitasema zaidi. Huyo sikumpima. Baba yangu alikuwa amenifundisha, nami nilidhani somo ni la ng'ombe.

Nyumbani mwanangu mkubwa alikuwa anangoja. Nilimweleza yote bila kukaa. Akasikiliza, akavua kofia, akaivaa.

"Kwa hiyo Bukundi?"

"Bukundi nenda wewe."

Mke wake hakungoja tumalize. Aliingia jikoni, akalitoa begi nyuma ya mlango, akaanza kutoa nguo moja moja na kuzikung'uta, akilalamika kwa sauti kwamba panya wametoboa sweta na mtoto atavaa nini asubuhi. Kesho yake alikwenda gulioni akarudi na sweta lingine, rangi ya machungwa, kubwa mno. Mpaka leo ndiye anayepasha maji ya mtoto. Kovu la meno analo, na akikasirika humwonyesha mtoto, naye mtoto humwambia, "Samahani, mama mkubwa, ulikuwa mtamu." Nyumba hii sasa ina utani ambao sikuulea mimi.

Nisiwadanganye kwamba kila kosa lilikuwa la damu. Alikuwa anakula udongo wa ukutani, hilo daktari alisema linaendana na upungufu wa damu, nalo likapungua kwa dawa. Alikuwa anadanganya, na nilipofuatilia niliona anadanganya akiulizwa na mtu mwenye fimbo, basi nikaondoa fimbo. Lakini pia anawafukuza kuku wangu waliokalia mayai ili waruke na kupiga kelele. Hilo nimelichunguza kwa juma zima, asubuhi na jioni, kwenye baridi na kwenye jua. Halina chanzo chochote. Ni utundu, na nimelipiga marufuku.

Yalibaki mambo ya mzee. Mtoto hakwenda Bukundi, sawa, lakini mtoto wa kike asiyeamkia kwa goti ataishije katika nchi hii? Kila msiba, kila harusi, kila mgeni, mtu atamkandamiza mabega. Nisingeweza kutembea naye na daftari kila mahali. Nikaona nianze na yule aliyeondoka na njaa, maana akikubali yeye, ukoo mzima utafuata.

Nikamtumia ujumbe aje, na nikamwomba aje asubuhi. Makusudi. Ningeweza kumwita mchana, mtoto akashuka vizuri na kila mtu akafurahi, lakini hilo lingekuwa kuficha.

Alikuja na uso wake wa siku ile. Akapewa kiti kilekile. Upepo ulikuwepo. Mtoto akatoka jikoni na sweta lake la machungwa, na nyuma yake mama mkubwa amebeba kigoda. Kigoda kikawekwa mbele ya mzee. Mtoto akakaa juu yake taratibu, akaweka mikono mapajani, akainamisha kichwa.

"Mwangaluka, guku."

Alimwita babu kwa Kisukuma, kama nilivyomfundisha. Mzee hakuitikia. Alikitazama kigoda, akanitazama mimi.

"Shemeji, siku hizi watoto wanapokea wageni wamekaa vitini kama wenyeviti?"

"Huyu peke yake," nikasema. "Damu yake inakwama magotini kukiwa na baridi. Siku ile ulipokuja alikuwa anaumwa, na sisi sote, mimi wa kwanza, tulimwona ana dharau. Mchana atakupigia magoti mpaka uchoke. Asubuhi atakuamkia hivi. Kama unaona haikutoshi, uji upo, kunywa kwanza ndipo ukasirike."

Mtoto alingoja kichwa chini. Mkwe wangu alikuwa amesimama nyuma yake, na mikono yake ilikuwa juu ya mabega ya mtoto, palepale alipomkandamiza siku ile. Safari hii alikuwa ameshika tu.

"Yanauma sana?" mzee akamuuliza mtoto.

"Leo kidogo, guku. Nimekunywa maji mengi."

"Mimi langu la kulia linauma tangu mvua zile kubwa," mzee akasema. Akajisugua goti. "Miaka yote hiyo napanda na kushuka, hakuna hata mmoja katika mji huu aliyewahi kuniletea kigoda."

"Hukuwahi kumng'ata mtu," mkwe wangu akasema.

Mzee alicheka mpaka akakohoa, halafu akaikusanya sauti yake ya ukubwa, akamwitikia mtoto salamu yote, akamuuliza habari za nyumbani, na za shule, na za ng'ombe, na za kuku, yote yale ya asubuhi ndefu, naye mtoto akajibu moja baada ya jingine amekaa juu ya kigoda chake. Uji ukaletwa. Mzee akanywa bakuli mbili, akaomba na michembe.